Presha ya Damu na Mtu Aliyehamia Nairobi

Maradhi mengi hupiga hodi kabla ya kuingia nyumbani. Malaria huleta baridi na kutetemeka. Ugonjwa wa kuhara hauna siri. Na kikohozi cha kifua kikuu huwaamsha hata majirani walio ng'ambo ya ukuta wa mabati. Lakini upo ugonjwa mmoja usiobisha mlango. Ni msukumo mkubwa wa damu, ambao watu wa Nairobi, wakubwa kwa wadogo, huuita presha. Wengi hudhani ya kuwa presha ni hasira, na ndiyo sababu utamsikia mtu akimwambia mwenzake asimpandishe presha. Hasira hupanda na kushuka. Ugonjwa huu hupanda ukakaa, na mwenyewe asisikie maumivu yo yote.

Na achukuliwe kwa mfano askari wa kulinda lango, mkazi wa Kawangware, ambaye kila siku huondoka nyumbani alfajiri akaenda kwa miguu mpaka Lavington. Hulala vizuri, hula vizuri, na mwezi ukiisha hupeleka fedha kwa wazee wake. Miaka kumi yapita hivyo. Halafu asubuhi moja anataka kuinua kikombe cha chai, na mkono wa kuume unakataa. Mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki sawasawa. Majirani wanasema amerogwa, au amepigwa na upepo mbaya. Daktari anasema ni kiharusi, na ya kwamba kimeletwa na presha.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mtu mwenye akili ana haki ya kuuliza. Daktari amejuaje? Mtu yule alikuwa na umri wa miaka hamsini, alivuta sigara, alipenda chumvi, mwezi uliopita alimzika ndugu yake, na juzi aligombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu. Katika mambo hayo yote, kwa nini presha ndiyo ihukumiwe?

Kwa kweli daktari hakuhukumu kwa kumtazama mtu huyo mmoja. Alihukumu kwa kukumbuka hesabu za maelfu ya watu waliopimwa, wakaandikwa, wakafuatwa kwa miaka mingi, wengine wao katika nchi hii hii. Habari ya hesabu hizo ni ndefu, na sehemu yake moja ilianzia karibu na Ziwa Victoria.

TABIBU WA SOUTH KAVIRONDO

Kipimo cha presha si cha zamani sana. Mwaka 1896 Mwitalia aitwaye Scipione Riva-Rocci alionyesha jinsi ya kufunga mfuko wa mpira mkononi, kuujaza upepo, na kuangalia zebaki ikipanda katika bomba la kioo. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaongeza jambo la pili, yaani kusikiliza mshipa wa mkono huku upepo ukitolewa pole pole. Tangu hapo presha huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapopiga, na ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapopumzika. Siku hizi mashine nyingi hazina zebaki tena, lakini namba zingali zikihesabiwa kwa milimeta za zebaki.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la madaktari la London liitwalo Lancet juu ya mambo aliyoyaona alipokuwa akifanya kazi South Kavirondo, nchi ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Alikuwa amewapima watu wazima wapatao 1,000. Ulaya ilijulikana ya kuwa presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, hata ikadhaniwa kwamba hiyo ni desturi ya mwili wa mwanadamu, kama vile mvi. Donnison akaona mambo mengine. Katika watu wale presha haikupanda baada ya miaka arobaini, bali ilishuka kidogo. Na katika wagonjwa 1,800 walioingia hospitalini kwake kwa muda wa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha iliyozidi.

Msomaji wa leo, ambaye pengine ana shangazi au mjomba anayemeza vidonge vya presha kila siku, ataona ajabu. Wajukuu wa watu wale wale waliopimwa na Donnison leo wamejaa katika vyumba vya kungojea vya zahanati za Nairobi. Damu ya kabila haibadiliki kwa miaka sitini au themanini. Basi kilichobadilika ni kitu kingine, na kazi ya utafiti ni kukitafuta kitu hicho.

KUFUATA WATU MIAKA MINGI

Namna ya kutafuta ilipata sura yake katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1948 madaktari waliwaandikisha wanaume na wanawake 5,209 wenye umri wa miaka 30 hadi 62. Waliwapima presha, wakawauliza juu ya sigara, wakaangalia mafuta katika damu, kisha wakawaacha waendelee na maisha yao, wakiwaita kila miaka miwili ili wapimwe tena. Hawakuwapa dawa ya majaribio. Walingoja tu, kalamu mkononi, waone nani atapatwa na ugonjwa wa moyo na nani hatapatwa.

Mwaka 1961 wakatangaza ya kuwa watu wenye presha ya juu, na wenye mafuta mengi ya aina fulani katika damu, walipatwa na maradhi ya moyo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mambo ya namna hiyo wakayapa jina ambalo kwa Kiswahili cha leo ni vihatarishi. Neno hili lafaa lieleweke vema, maana wengi hulitumia vibaya. Kihatarishi si hukumu. Mwenye presha ya juu aweza kuishi hata akazikwa na uzee, na asiye nayo aweza kupatwa na kiharusi kesho. Ni kama mkulima anayepanda mahindi kabla ya mvua kuthibitika. Pengine atavuna, lakini wakihesabiwa wakulima mia waliofanya hivyo, na mia waliongoja, itajulikana ni upande gani uliolala njaa zaidi.

Na hesabu peke yake yaweza kudanganya. Mtu akienda hospitalini akachunguza mifuko ya wagonjwa wa saratani ya mapafu, atakuta viberiti vingi kuliko katika mifuko ya watu wengine. Je, kiberiti huleta saratani? La. Mwenye kiberiti ndiye mwenye sigara, na sigara ndiyo iletayo saratani. Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha uhusiano huo wa sigara na saratani mwaka 1950, na mwaka 1951 wakaanza kuwaandikia madaktari wa Uingereza barua za kuwauliza kama wanavuta. Madaktari kama 40,000 walijibu, wakafuatwa kwa miaka mingi hata vifo vyao vikahesabiwa. Hivyo kila mtafiti aonapo mambo mawili yakiandamana, hana budi kujiuliza kama hakuna jambo la tatu limejificha katikati, kama ile sigara nyuma ya kiberiti.

KUTOKA ZIWANI HADI NAIROBI

Haya, turudi Kenya. Kati ya Framingham na South Kavirondo kulikuwa na shimo kubwa la kuzibwa. Watu wa Framingham karibu wote walikuwa Wazungu, nao walikaa mji ule ule. Lakini Mwafrika wa Kenya alikuwa anahama. Alitoka kijijini akapanda gari la moshi au basi, akafika Nairobi, akapanga chumba. Kama presha ya watu wa kijijini ilikuwa ya chini na ya watu wa mjini ilikuwa ya juu, ilipanda lini? Je, ilichukua miaka ishirini, au ilianza mapema?

Katika miaka ya 1980 madaktari kutoka London na Nairobi, miongoni mwao Neil Poulter, Peter Sever na M. Mugambi, walifanya jambo ambalo lilikuwa halijafanywa vizuri mahali pengi duniani. Walikwenda katika vijiji vya Wajaluo vilivyo upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Wakawatafuta watu waliokuwa wamehama kutoka vijiji hivyo kwenda Nairobi, na kwa upande mwingine wakachagua watu waliobaki nyumbani, wa umri ule ule, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Waliohama walikuwa 325, na waliobaki 267. Wote wakapimwa mara kwa mara kwa muda wa hadi miaka miwili. Matokeo yakachapwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Uzuri wa kazi hii u katika wale waliobaki. Kama wangalipimwa wahamiaji peke yao, mtu angaliweza kusema kwamba presha imepanda kwa sababu wamezeeka miaka miwili, au kwa sababu kipimo kimeharibika, au kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa joto. Lakini aliyebaki nyumbani amezeeka miaka miwili vile vile, na amepimwa kwa kipimo kile kile. Hivyo tofauti inayobaki kati ya makundi hayo mawili haina budi kutafutwa katika safari yenyewe na maisha ya mjini.

Tofauti ilionekana. Presha ya juu ya wahamiaji ilizidi ile ya wenzao waliobaki, na haikungoja miaka mingi. Ilianza kuzidi katika miezi ya kwanza kwanza. Mioyo yao ilipiga upesi zaidi. Uzito wao uliongezeka. Nao mkojo wao ulipopimwa, ukaonyesha ya kuwa chakula kimebadilika, maana chumvi, yaani sodiamu, ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu. Potasiamu ni madini yapatikanayo kwa wingi katika ndizi, maharagwe, viazi na mboga za majani. Mtu wa kijijini aliyekula vya shamba alipata potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Alipofika mjini mizani ikapinduka.

Sifa moja ya kazi hiyo ni kwamba watafiti hawakutegemea maneno ya mtu juu ya chakula chake. Ukimwuliza mtu anatia chumvi kiasi gani, atasema kidogo. Mkojo hausemi uongo.

Jambo lililokaribia hilo lilikuwa limekwisha onekana zamani kidogo. Mwaka 1969 A. G. Shaper na wenzake waliandika juu ya vijana wa Kisamburu walioacha ng'ombe wao wakaingia jeshi la Kenya. Huko walipewa chakula cha askari chenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea, na presha yao ikaongezeka kadiri walivyoendelea kukaa jeshini. Hao walikuwa vijana wenye afya, wakifanya mazoezi kila siku, wala hawakuwa wanene. Kwa hiyo yule asemaye kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi tu, hana ushahidi.

NYUMBA KWA NYUMBA KIBERA

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, mahali palipokuwa msitu, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo ya msitu. Leo ni vijiji vingi vilivyobanana, na wakazi wake wengi ni wahamiaji wa aina ile ile iliyopimwa na akina Poulter, au watoto wao. Ni mahali pafaapo kuuliza kama hesabu za miaka ya 1980 zimezaa nini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia humo nyumba kwa nyumba. Hesabu ya watu wazima 2,061 ilitolewa katika makala mbili. Ya kwanza, ya mwaka 2013, ilihusu ugonjwa wa kisukari, nao ulikutwa kwa zaidi kidogo ya watu watano katika kila mia. Ya pili, ya mwaka 2014, ilihusu presha. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, watu karibu 23 katika kila mia walikuwa nayo.

Mwaka 2015 ukatoka uchunguzi mwingine wa Kibera, wa watu 1,528 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Huu ulikuta watu 29 na zaidi katika kila mia. Msomaji asifikiri kwamba katika mwaka mmoja Kibera imeharibika kiasi hicho, wala kwamba mmoja wa watafiti amekosea. Wa kwanza waliwahesabu na vijana wa miaka ishirini, na wa pili waliwaacha. Presha ya watu wa mjini hupanda kwa umri. Ukiwaondoa vijana katika hesabu, lazima namba ikue. Magazeti hupenda kuandika namba kubwa na kusahau kuuliza ni ya watu gani, na karani asomaye taarifa angefanya vema kutafuta umri kabla ya kutafuta asilimia.

Katika uchunguzi huo wa pili, walioelekea zaidi kuwa na presha walikuwa wenye umri mkubwa, wenye uzito uliozidi na wenye kuvuta sigara. Na katika watu wote waliokutwa na presha, 39 katika kila mia walikuwa hawajui. Hiyo ndiyo namba mbaya kuliko zote. Katika watu kumi wanaobeba hatari ya kiharusi, karibu wanne waliamka asubuhi ile wakijiona wazima, mpaka mgeni mwenye mashine alipogonga mlango.

Lakini hapa pana ukomo ambao watafiti wenyewe huukiri. Uchunguzi wa namna hii ni kama picha iliyopigwa mara moja. Picha yaonyesha mzee na fimbo wamesimama pamoja, lakini haionyeshi kama fimbo ilikuja kwa sababu ya mguu mbovu. Tuseme mwanamke fulani aliambiwa mwaka jana kuwa ana presha, naye kwa utii akaacha chumvi. Mwaka huu anapoulizwa, ataandikwa kuwa hali chumvi na ana presha. Wakiwa wengi kama yeye, mtu asiyefikiri atasema kuacha chumvi huleta presha! Kwa sababu hiyo picha ya mara moja hutafuta pa kuanzia tu, na ushahidi wenyewe hutafutwa kwa kufuata watu, kama walivyofanya wale wa Framingham na wale wa ziwani.

Katika Kibera kazi ya kufuata watu imekwisha fanywa pia, ingawa kwa maradhi mengine. Katika vijiji vya Gatwekera na Soweto, Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Kenya, pamoja na kituo cha Marekani cha kuzuia maradhi, iliandikisha jamaa nyingi na kuzitembelea mara kwa mara, huku wagonjwa wakitibiwa katika zahanati ya Tabitha. Watu wa Lwak, Asembo, wakafuatwa vivyo hivyo. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba homa ya matumbo Kibera ilipata wagonjwa 247, na Lwak wagonjwa 29, kwa kila miaka 100,000 ya watu. Mwaka mmoja wa mtu ni mtu mmoja aliyefuatwa mwaka mzima, au wawili waliofuatwa nusu mwaka kila mmoja. Kwa hesabu hiyo hata mtu aliyehama katikati ya kazi, kama wanavyohama wapangaji, hapotei bure.

NA KAWANGWARE JE?

Mkazi wa Kawangware aweza kusema kwamba hayo ni ya Kibera. Na ana haki. Kawangware iko upande wa Dagoretti, na watu wake hawakutoka wote mahali pamoja na wale wa Kibera. Wako wenyeji ambao wazee wao walilima hapo hapo, na wako wahamiaji kutoka magharibi. Nyumba za mabati na mawe zimechanganyika, na kazi za watu ni nyingine.

Tena mitaa ya Nairobi imekwisha onyesha kuwa haifanani. Katika Korogocho na Viwandani, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kiitwacho APHRC kimekuwa kikiandika vizazi, vifo na kuhama kwa watu tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Presha ilipochunguzwa huko, kwa watu wazima zaidi ya 5,000, matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalikuwa watu 12 tu katika kila mia, yaani karibu nusu ya Kibera. Mtu angefurahi, kama isingekuwa namba nyingine: katika wale wenye presha, mmoja tu katika watano ndiye aliyejua.

Basi mtu wa Kawangware hawezi kuazima namba ya Kibera, wala ya Korogocho, akasema ni yake. Lakini namba ni kitu kimoja, na jinsi mambo yanavyotendeka mwilini ni kitu kingine. Idadi ya wenye presha hubadilika toka mtaa hata mtaa. Mshipa wa damu unaopasuka kwa sababu ya msukumo uliozidi hauulizi kama mwenyewe hushukia Congo au hushukia Olympic. Chumvi iliyowapandishia presha Wajaluo wahamiaji na askari wa Kisamburu haitambui mpaka wa kata. Na katika nchi nzima, uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulikuta presha kwa watu karibu 24 katika kila mia wa umri wa miaka 18 hadi 69, na watu 56 katika kila mia walikuwa hawajapimwa presha maishani mwao.

VIDONGE

Labda mtu mwenye ubishi atasema bado: Vema, wenye presha hupatwa na kiharusi zaidi, lakini nani ajuaye kwamba ukiishusha presha, kiharusi kitapungua? Huenda presha ni kama ule moshi, na moto uko kwingine.

Ubishi huo ni wa haki, nao ulijibiwa kwa njia moja tu iwezayo kuujibu. Mwaka 1967 madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, wakiongozwa na Edward Freis, walitangaza habari za wanaume 143 wenye presha mbaya sana, ambayo namba yake ya chini ilikuwa 115 hadi 129. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Sehemu moja walipewa dawa, na sehemu nyingine vidonge vilivyofanana na dawa ila havina kitu ndani. Kwa kuwa bahati nasibu ndiyo iliyogawa, wavutaji sigara, wapenda chumvi na wenye huzuni waliangukia pande zote mbili, na kile kiberiti hakikuwa na mahali pa kujificha. Katika upande wa vidonge vitupu mambo mazito yalitokea mara 27; katika upande wa dawa, mara 2.

Wale walikuwa Wamarekani. Kwa miaka mingi Waafrika walitibiwa kwa kufuata majaribio ya watu wengine, mpaka mwaka 2019 ulipotolewa uchunguzi uitwao CREOLE, wa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Jozi tatu za dawa zilishindanishwa. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipine ndani yake zilishusha presha zaidi kuliko ile ya perindopril na hydrochlorothiazide. Ulikuwa ushindi wa milimeta kama tatu tu. Lakini amlodipine ni dawa ya zamani, inayotengenezwa na viwanda vingi, na si ya bei ya kutisha.

Lililo gumu ni kuimeza kila siku. Mtu mwenye malaria humeza dawa kwa sababu anaumwa, akipona huacha. Mwenye presha haumwi, na dawa haimwondolei maumivu kwa sababu hakuwa nayo. Mara nyingine humpa kizunguzungu au uvimbe wa miguu, akajiona alikuwa mzima zaidi kabla ya kutibiwa. Akipungukiwa na fedha mwisho wa mwezi, kitu cha kwanza kuachwa ni kidonge hicho. Madaktari Wasio na Mipaka, waliotibu presha na kisukari katika zahanati zao za Kibera pamoja na UKIMWI, mpaka walipoikabidhi kazi kwa Kaunti ya Nairobi mwaka 2017, walionyesha kwamba maradhi hayo yaweza kutibiwa vizuri katika zahanati ndogo ya mtaa, kwa daftari na kadi ya kila mgonjwa, bila kumpeleka kila mtu hospitali kuu. Daftari ndiyo dawa ya pili, kwa maana yeye asiyerudi hujulikana kwa daftari tu.

Kwa chakula, Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichofurika. Humo imehesabiwa ile iliyomo katika mkate, soseji za kibandani, viungo vya mchuzi vya pakiti na viazi vya kukaanga vinyunyizwavyo kwa mkono mkarimu, si ile ya nyumbani tu. Mwanamke apikaye sukuma wiki bila kiungo cha pakiti hakosi kulaumiwa na mumewe juma la kwanza. Ulimi huzoea baadaye. Makarani nao, ambao kazi yao ni kukaa, wakumbuke wale wahamiaji 325: uzito wao ulipanda pamoja na presha.

Anayetaka kupimwa asikimbilie mashine akiwa ametoka kupanda kilima au kunywa kahawa. Akae kitini kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe, ya juu na ya chini. Ikifika 140 ya juu, au 90 ya chini, hiyo si sababu ya kumwita mgonjwa siku ile ile. Kwa kawaida huambiwa arudi siku nyingine apimwe tena. Lakini ikiwa 180 au zaidi, na kichwa kinamwuma sana, au macho hayaoni vizuri, au upande mmoja wa mwili umelegea, asirudi nyumbani kungoja siku nyingine. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.